Mgonjwa wa mgongo asivunjwe mara ya pili: barua ya wazi kwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya

Kwa Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya, Waganga Wafawidhi wa hospitali za wilaya na za rufaa za mikoa, na wote mnaopitisha bajeti za hospitali hizo,
Tanzania.

KUH: MATIBABU YA WAGONJWA WALIOVUNJIKA UTI WA MGONGO

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni wauguzi, wanafiziotherapia na watunzaji tunaowahudumia waliovunjika mgongo tangu wanaposhushwa mapokezi mpaka wanaporudishwa nyumbani. Tutakayoyasema humu si mageni kwenu. Tumeyasema kwenye vikao vya asubuhi, tumeyaandika kwenye ripoti, tumeyapeleka kwa barua kupitia wakuu wetu wa idara. Tumejibiwa kwamba yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Wagonjwa wanaendelea kufika katika hali ileile, na ndiyo maana leo tunaandika hadharani.

Hoja yetu ni moja. Mfupa huvunjika kwa sekunde moja, barabarani au chini ya mwembe. Lakini sehemu kubwa ya ulemavu na vifo tunavyovishuhudia inatokana na kinachofuata: namna mtu anavyobebwa, anavyopimwa, anavyolazwa na anavyosubirishwa. Na mengi katika hayo hayamhitaji daktari bingwa wala mashine ya mabilioni.

Kwa faida ya wajumbe wa bodi na kamati ambao hawakusomea tiba, tueleze kidogo. Mtu ana pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, kisha zile zilizoungana na kushikana na nyonga, na mwisho kifandugu. Ndani ya pingili kuna mfereji unaopitisha ugwe wa mgongo, yaani shina la mishipa ya fahamu linalotoka kwenye ubongo. Ugwe huo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo inaning'inia mizizi ya neva tu. Pingili za kifua zimeshikwa na mbavu, za kiuno zinapinda kwa uhuru, kwa hiyo pale zinapokutana ndipo nguvu ya anguko inapomalizikia. Ndiyo sababu pingili ya 12 ya kifua na ya 1 ya kiuno huvunjika mara nyingi kuliko jirani zake.

Na si kila mvunjiko ni sawa. Pingili iliyobonyea upande wa mbele tu, mgonjwa akiwa na nguvu zote miguuni, kwa kawaida hutulia kwa dawa za maumivu na kuinuliwa mapema atembee, pengine akifungwa mkanda mgumu wa kiwiliwili kwa wiki 6 hadi 12. Iliyopasuka hurusha vipande vya mfupa ndani ya mfereji, na hiyo inahitaji kupimwa kwa makini kabla ya kuamua. Iliyochanika kano za nyuma, au iliyoteleza kutoka juu ya mwenzake, haijatulia: kila anapokunjwa mgonjwa, mfupa unausaga ugwe upya. Karatasi ya rufaa iliyoandikwa "amevunjika mgongo" na kuishia hapo haimwambii anayepokea lolote kati ya haya.

Sasa malalamiko yetu.

1. Ubebaji. Aliyeanguka na bodaboda hunyanyuliwa kwa makwapa na magoti, akakunjwa kwenye kiti cha nyuma cha bajaji, au akabanwa katikati ya dereva na msaidizi juu ya pikipiki nyingine. Kukunjwa mbele ndiko hasa kunakoufungua mgongo uliochanika nyuma. Hatuwalaumu wananchi. Hakuna aliyewafundisha, na gari la wagonjwa halikuja.

Kinachotakiwa kinafundishika kwa saa mbili kwenye kijiwe cha bodaboda. Mmoja anapiga magoti kichwani, anashika kichwa pande zote mbili bila kukivuta, anakiweka sawa na kiwiliwili, na yeye ndiye anayehesabu. Watatu wanakaa upande mmoja: wa kwanza ana bega na kifua, wa pili nyonga na paja, wa tatu miguu. Kwa hesabu ya kichwani wanamgeuza kwa pamoja kama gogo, wa nne anasukuma ubao, wanamrudisha. Ubao wa mlango unatosha. Kanga mbili zilizoviringishwa huwekwa kando ya masikio ili kichwa kisicheze. Akitapika, anageuzwa mwili mzima kwa pamoja, hashikwi shingo peke yake.

Akishafika hospitalini, ubao uondolewe. Ubao ni wa kubebea, si kitanda. Ngozi ya mtu asiyehisi inaweza kuanza kufa baada ya saa chache tu juu ya mbao ngumu, na bado tunawakuta watu walioachwa juu yake usiku kucha kwa sababu kila zamu ilidhani ingine itamshusha. Na fomu ya PF3 ifuatwe na ndugu wakati mgonjwa anahudumiwa. Huduma ya dharura haisubiri karatasi ya polisi.

2. Hakuna anayeandika hali ya mishipa ya fahamu. Faili linasema "amepooza miguu". Hicho si kipimo. Kuna karatasi moja ya kimataifa, inayoitwa ASIA, inayohitaji pini, pamba, glavu na dakika chache. Kila mkono una misuli mitano inayopimwa na kila mguu mitano, kuanzia 0 (hakuna nguvu) mpaka 5 (nguvu kamili): kukunja kiwiko, kuinua kifundo cha mkono, kunyoosha kiwiko, kukunja vidole, kutanua kidole kidogo, halafu kuinua paja, kunyoosha goti, kuinua wayo, kuinua kidole gumba cha mguu, kukanyaga chini.

Sehemu inayorukwa kwa aibu ndiyo yenye uzito kuliko zote: kugusa ngozi kandokando ya tundu la haja kubwa na kumwomba mgonjwa abane kidole. Neva za mwisho kabisa ndizo zinazofika pale. Akihisi hata mguso mdogo, au akibana hata kidogo, ugwe haujakatika wote, na huyo ni mtu wa kukimbizwa. Miongozo ya kimataifa inashauri ugwe uliobanwa uachiliwe kwa upasuaji ndani ya saa 24 pale inapowezekana. Tunajua rufaa nyingi haziwahi muda huo. Lakini kipimo kisipoandikwa anapofika, kabla hajapandishwa gari na baada ya kushuka, hakuna anayeweza hata kujua kwamba aliondoka wilayani akisogeza vidole na akafika mkoani havisogei.

3. Presha. Aliyeumia shingo au sehemu ya juu ya kifua anaweza kushuka presha kwa sababu mishipa ya damu imepoteza amri ya kukaza. Dalili zake ni tofauti na za kupoteza damu: mapigo ya moyo yako chini, mara nyingi chini ya 60, na ngozi ni kavu na ya joto. Anayevuja damu ana mapigo ya haraka na ngozi baridi. Damu inayovuja itafutwe kwanza, tumboni, kifuani na nyongani, kwa sababu anaweza kuwa na yote mawili. Lakini ikishathibitika kwamba havuji, kumwongezea dripu lita baada ya lita kunamjaza maji mapafuni bila kuipandisha presha. Anahitaji dawa ya kukaza mishipa na mtu wa kumwangalia. Miongozo mingi imekuwa ikilenga presha ya wastani (MAP, si namba ya juu ya kipimo) ya 85 hadi 90 kwa siku za mwanzo, kwa sababu ugwe uliojeruhiwa ukikosa damu unaendelea kufa taratibu.

Hapa pia tunaomba jambo lililotuchosha kulisema. Steroidi, yaani dawa za kupunguza uvimbe, kwa dozi kubwa bado zinaandikwa kwa wagonjwa waliofika siku ya pili au ya tatu. Wataalamu wanabishana kuhusu saa 8 za kwanza tu, na wengi wao hata hapo hawazishauri. Baada ya hapo hazina faida, na zinaleta maambukizi, kutokwa damu tumboni na sukari kupanda.

4. Picha. Tunashukuru kwa dhati kwamba hospitali nyingi za rufaa za mikoa sasa zina mashine za CT. Tatizo ni saa tatu usiku, ambapo mpigaji picha hayupo zamu, na sharti la kulipa kwanza. Pale penye eksirei peke yake, picha ya shingo ambayo haionyeshi pingili ya 7 ya shingo inapokutana na ya 1 ya kifua haijakamilika. Mabega yavutwe chini au mkono mmoja uinuliwe, ipigwe tena. Aliyepatikana na mvunjiko mmoja apigwe picha mgongo mzima, maana wa pili unaweza kuwa mbali na wa kwanza. Na kila aliyeanguka kutoka juu akavunjika kisigino aangaliwe kiuno hata kama halalamiki, kwa kuwa maumivu ya kisigino yanafunika ya mgongo.

5. Kusubiri vyuma, na vidonda. Waheshimiwa, hapa ndipo tunapowapoteza watu, na hapa tunaomba mtuvumilie tueleze kwa kirefu.

Mgongo ambao haujatulia hufungwa kwa skrubu zinazoingizwa kwenye pingili kutoka nyuma, mbili kila pingili. Kwa kiwango cha chini ni skrubu 4 na fito 2: pingili moja juu ya iliyovunjika na moja chini yake. Iliyoteleza vibaya huhitaji mbili juu na mbili chini, yaani skrubu 8. Kuondoa mfupa wa nyuma peke yake ili kuupa ugwe nafasi, bila kufunga vyuma, katika mgongo usiotulia kunazidi kuulegeza.

Vyuma hivyo mara nyingi havipo stoo. Familia inapewa makadirio, inaenda kuuza ng'ombe au shamba, inachangisha kwenye kundi la ukoo. Siku zinahesabika kuwa wiki. Wakati huo mgonjwa amelala chali kwenye godoro jembamba, hahisi makalio, hahisi visigino, na ndugu wameambiwa "msimguse, amevunjika mgongo". Kauli hiyo ni hatari kuliko wengi wanavyodhani. Mgonjwa huyu lazima ageuzwe kila saa 2, mchana na usiku, kwa ule ugeuzaji wa gogo tuliouandika hapo juu.

Asipogeuzwa, mfupa wa chini ya mgongo unaibana ngozi dhidi ya godoro na damu haipiti. Siku ya kwanza panaonekana doa ambalo halipotei ukibonyeza. Kwa ngozi nyeusi doa hilo halionekani jekundu, linaonekana jeusi zaidi au la zambarau, na mkono unahisi joto au ugumu kuliko pembeni. Likionekana wakati huo, kuondoa mzigo kunatosha. Likipitwa, ngozi inafunguka, na chini yake mara nyingi kuna shimo kubwa kuliko mdomo wa kidonda, mpaka kwenye mfupa. Sasa fedha zimepatikana, vyuma vimefika, na daktari wa upasuaji anakataa, kwa haki kabisa, kuweka chuma karibu na kidonda chenye usaha. Kusubiri kumeleta kidonda, na kidonda kimeahirisha upasuaji. Mgonjwa anaanza kupoteza protini kupitia kidonda, anakonda, anapata homa, na wengine wanakufa kwa maambukizi ya damu. Cheti kitaandikwa ajali ya pikipiki.

Tunachotaka wodini ni hiki: godoro nene la povu lisilobonyea mpaka mfupa ukagusa kitanda, karatasi ya kugeuzwa iliyobandikwa kichwani mwa kitanda yenye saa na sahihi, mito ya kumlaza kwa mteremko mdogo wa nyuzi 30 badala ya ubavu kamili, visigino vielee kwa mto chini ya vigimbi, na ngozi ikaguliwe kila anapogeuzwa. Na dawa ya kuzuia damu kuganda miguuni ianze ndani ya saa 72 kama hakuna damu inayovuja.

6. Kibofu. Mara baada ya jeraha kibofu hakijikazi, mkojo unajaa, unaanza kuchuruzika kidogo kidogo, na muuguzi anaandika "anakojoa". Hakojoi, kimefurika. Mpira wa mkojo uwekwe siku ya kwanza na ufungwe pajani ili usivutike. Lakini mpira huo usiwe wa maisha. Mgonjwa akitulia na mikono yake ikiwa mizima, afundishwe kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba safi kila saa 4 hadi 6, mkojo usizidi mililita 500 kwa mara moja. Njia hii inalinda figo, na kushindwa kwa figo kumewaua wengi waliopona mgongo. Tunakatazwa kuifundisha kwa sababu stoo haina mipira ya aina hiyo.

Kwa aliyeumia kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu kuna hatari nyingine inayopaswa kubandikwa ukutani kila wodi. Mpira ukiziba au choo kikijaa, presha inaweza kupaa ghafla, kichwa kikauma vibaya, jasho likatoka usoni wakati miguu ni mikavu. Mketishe wima, mlegezee nguo, zibua mpira, kagua choo. Presha ya 140 kwa mtu ambaye kawaida yake ni 95 ni dharura, hata kama jedwali la wodi halionyeshi hivyo.

7. Mgongo unaovunjika bila ajali. TB inakula diski na pingili mbili zinazopakana nayo, mpaka zinabonyea na nundu inatokea. Mtu huyo amezunguka zahanati kwa miezi akipewa diklofenaki na sindano za "mgongo". Maumivu yasiyoisha kwa wiki kadhaa, yenye homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, yapigwe picha. Dawa za TB ni za bure nchini, kwa mifupa humezwa muda mrefu kuliko ile miezi 6 iliyozoeleka ya mapafu, na wengi waliopooza kwa TB husimama tena wakiwahiwa. Hakuna mgonjwa wa mgongo mwenye matumaini makubwa kuliko huyu, na ndiye tunayemchelewesha zaidi.

Tunajua mtakayotujibu. Mtasema hakuna madaktari bingwa wa mgongo. Ni kweli, na tunawahitaji. Lakini hakuna bingwa anayehitajika kugeuza mgonjwa, kuandika karatasi ya ASIA au kuweka mpira. Mtasema wauguzi ni wachache. Wachache wanaweza kuunda timu moja ya kugeuza kwa kila zamu, inayopita kitanda kwa kitanda pamoja na ndugu waliofundishwa, badala ya kila muuguzi kuachiwa kazi ambayo mmoja hawezi kuifanya. Mtasema fedha. Linganisheni bei ya godoro na miezi ya kusafisha kidonda, antibayotiki na kitanda kilichokaliwa. Hesabu hizo mnazo ofisini. Mtasema pia jamii inachelewa kuleta wagonjwa na wengine hupitia kwa wakandaji wa mifupa. Wapo. Lakini wengi walioharibika mikononi mwetu walifika siku ileile.

Na isisemwe kwamba ni tatizo la bodaboda peke yake, likaachiwa trafiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu kaskazini mashariki mwa Tanzania ulikuta kuanguka kukitangulia ajali za barabarani katika kusababisha majeraha ya ugwe. Miembe, minazi, mikarafuu, mashimo ya migodi, magunia yanayobebwa kichwani: hivyo navyo viwemo kwenye mipango yenu.

Tunachoomba, kwa heshima na kwa msimamo:

Ndani ya miezi mitatu, kila hospitali ya wilaya na ya mkoa iwe na mwongozo wa ukurasa mmoja wa mgonjwa wa mgongo ukutani mapokezi, kola za shingo za saizi tofauti, karatasi za ASIA, na magodoro ya povu angalau kwa kila kitanda cha aliyepooza.

Karatasi ya kugeuzwa ihesabiwe kama dawa. Vidonda vilivyoanzia wodini vihesabiwe kila mwezi na kusomwa kwenye kikao kilekile kinachosoma vifo vya uzazi.

Seti za skrubu na fito zikae stoo za hospitali zinazofanya upasuaji huu, zilipwe baada ya kutumika, na ofisi ya ustawi wa jamii ishughulikie asiye na uwezo baada ya upasuaji. Katika utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, tunaomba mtusemee ili skrubu, mipira ya kujitoa mkojo, mito ya kukalia na viti mwendo viingizwe kwenye kitita cha mafao ya bima.

Namba 115 tayari inamtafutia mama mjamzito usafiri wa dharura. Mpango kama huo ujengwe kwa waliojeruhiwa, wenye madereva waliofundishwa ubebaji.

Asiruhusiwe mgonjwa yeyote aliyepooza mpaka ndugu wawili waonyeshe kwa vitendo kwamba wanaweza kumgeuza, kumhamisha kitandani hadi kwenye kiti, kukagua ngozi kwa kioo na kusimamia choo chake kwa saa maalumu, na mpaka apate kiti mwendo kilichopimwa upana wa nyonga zake na mto wake. Apewe tarehe ya kurudi na namba ya simu inayopokelewa.

Tunaomba majibu ya maandishi, yakitaja lipi litafanyika, lini na nani atalisimamia, na nakala ibandikwe kwenye mbao za matangazo za hospitali ili ndugu wa wagonjwa wasome. Tuko tayari kufundisha, kuandika mwongozo huo na kusimamia hesabu za vidonda bila posho.

Wenu katika kazi,

Wauguzi, wanafiziotherapia na watunzaji wa wagonjwa wa uti wa mgongo